Jina lako lipo, lakini kompyuta inasema halipo

Umefika kuchukua mbolea ya ruzuku, kitambulisho mkononi. Karani anaandika jina lako, anaangalia kompyuta, kisha anasema: "Mama, jina lako halipo." Ulijiandikisha mwenyewe. Limekwenda wapi? Kila msimu wa kupanda tunapokea simu za malalamiko ya namna hii.

Huenda halijaenda popote. Aliyekuandikisha aliandika Fatma, anayekutafuta anaandika Fatuma, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Ndiyo maana hifadhidata nyingi zina alama za kuziba pengo. Alama ya asilimia, %, husimama badala ya herufi zozote, hata pasipo na herufi. Mstari wa chini, _, husimama badala ya herufi moja tu. Kwa hiyo Fat%ma huleta Fatma, Fatuma na Fatima. Sal_m huleta Salum na Salim.

Matatizo huanza orodha ikihamishiwa kwenye programu inayotafuta kwa mtindo uitwao rejeksi. Huko asilimia ni asilimia tu. Ukiandika Fat%ma, programu inatafuta mtu mwenye % katikati ya jina lake. Nani anaitwa hivyo? Jibu linakuja haraka kwamba hakuna, tena bila onyo lolote kuwa swali lenyewe lilikosewa. Hilo ndilo linalotuudhi.

Kubadilisha si kazi kubwa. % inakuwa nukta na nyota, yaani .* na _ inakuwa nukta peke yake. Kinachosahaulika ni kwamba hifadhidata hulinganisha jina zima, lakini rejeksi kwa kawaida hutosheka na kipande. Sal.m itamleta Salum, na Salome pia, kwa sababu "Salom" imo ndani ya jina lake. Mfuko wa Salum ukiandikwa kwa Salome, ugomvi utafika hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Dawa ni kulifunga jina pande zote mbili, ^ mwanzoni na $ mwishoni: ^Sal.m$ na ^Fat.*ma$.

Nukta ya kweli, kama ya J. Salum, nayo hutanguliwa na \ ili isidhaniwe ni herufi yoyote: ^J\. Salum$.

Ukiambiwa jina halipo, mwombe karani ajaribu herufi tatu za kwanza tu, au namba ya simu uliyojiandikisha nayo.