Ukishiriki Skrini kwa WhatsApp, Mwenzako Anaona Nini?

Siku hizi mkutano wa chama haungoji Jumapili. Mweka hazina yuko Eldoret, mwenyekiti yuko Mombasa, mwanachama mmoja yuko kazini ng'ambo, na wote wanaonana kwa vidio ya WhatsApp au Zoom. Bando ikiwepo, mambo yanaenda. Lakini kuna kitufe kimoja tunataka ukijue vizuri kabla hujakibonyeza: kile cha kushiriki skrini.

WhatsApp ilikileta mwaka 2023. Badala ya uso wako, mtu wa upande wa pili anaona kila kitu kilicho kwenye skrini yako, papo hapo. Ni kitu kizuri, hatukatai. Mama kule nyumbani anaweza kukuonyesha simu yake imekwama wapi, ukamwelekeza. Shida ni hilo neno "kila kitu". SMS ikiingia inajitokeza pale juu, na yeye anaisoma pamoja nawe. Ukifungua salio, analiona pia.

Sasa tuseme umepigiwa WhatsApp na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja. Ana nembo yetu na jina letu. (Hiyo isikubabaishe. Jina na picha huwekwa na mwenye akaunti mwenyewe, hata wewe unaweza kujiita Benki Kuu.) Anasema akaunti yako ina shida, "washa vidio, shiriki skrini nikusaidie." Hakuulizi PIN hata mara moja, kwa hivyo unaona ni mtu mwema. Mkiendelea kuongea, anaandika namba yako kwenye simu yake ili afungue WhatsApp yako huko. Tarakimu sita za uthibitisho zinakuja kwako kwa SMS. Hujamtajia, lakini ameziona. Baada ya muda mfupi, jamaa na marafiki wanaanza kuombwa pesa, na wanajua ni wewe.

Lakini si mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa siri? Ndiyo, mtu wa nje hawezi kuyasikiliza, hata ukitumia waifai ya hoteli. Huyu si wa nje. Umemfungulia mlango wewe mwenyewe.

Sisi hatutakupigia vidio tukuombe utuonyeshe skrini yako. Akitokea mtu wa hivyo, kata, kisha upige wewe mwenyewe kwa namba ya huduma iliyo kwenye programu yetu. Na mweka hazina wa chama atume picha ya ukurasa wa hesabu kwenye grupu, inatosha.

Ukiwa na dakika mbili, ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya Akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Utachagua PIN ya tarakimu sita ambayo haiji kwa SMS, kwa hivyo anayeiona SMS yako bado amekwama. Kisha kwenye Faragha, sehemu ya simu, nyamazisha wapigaji usiowajua. Simu zao zitaonekana kwenye orodha ila hazitalia.

Na kama tayari umeonyesha? Badilisha PIN yako ya pesa, kisha ingia tena WhatsApp kwa namba yako. Ukishaingia, yeye anatolewa. Halafu wapigie watu wako kwa laini ya kawaida, ukianza na wale wanaokutumia pesa bila maswali, uwaambie wasitume kitu.