Jina la Shija: Latoka Wapi, na Limefika Wapi?

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jina moja tu, nalo ni Shija. Huenda mtu akauliza, "Je, jina moja laweza kujaza mazungumzo mazima?" Twamwomba avumilie kidogo. Mwisho wa habari hii ataona kwamba jambo hili lagusa nyumba yake, urithi wake, na hata ndoa za watoto wake.

Siku moja tulikuwa Nyashimo, tumekwenda kuwaangalia vijana wa chuo cha ualimu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Asubuhi mwalimu kijana alifungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina. Alipofika kwenye jina la Shija, watoto wawili waliitika pamoja. Mwalimu akawauliza, "Je, ninyi ni ndugu?" Mmoja akajibu, "Ndiyo, mwalimu, maana sote ni akina Shija." Yule wa pili akasema, "Hapana, mwalimu. Kwetu ni Nassa, na kwao ni Bariadi." Darasa zima likacheka. Lakini sisi tuliokaa nyuma hatukucheka, maana swali lile ni kubwa kuliko lilivyoonekana. Watu wenye jina moja ni ndugu, au si ndugu? Na wenye majina mbalimbali, je, hao si ndugu?

Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma mpaka siku ya kuzaliwa.

Msukuma wa zamani hakuwa na jina la ukoo kama Wazungu walivyo nalo, yaani jina lishukalo kwa baba, kwa mwana na kwa mjukuu bila kubadilika. Mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo lilieleza hali ya kuzaliwa kwake. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula, na msichana Kabula, kwa kuwa mvua kwa Kisukuma ni mbula. Aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa aliitwa Kashinje. Basi jina lilikuwa kama habari fupi: aliyelisikia alijua jambo lililotokea nyumbani siku ile.

Mapacha nao walikuwa na majina yao. Wa kwanza huitwa Kulwa, na wa pili huitwa Doto. Majina haya mawili yamesafiri mbali sana. Hata Unguja watu huyajua, na Muhammad Saleh Farsy aliandika hadithi ya watu wa kisiwa hicho iitwayo "Kurwa na Doto", iliyotolewa mwaka 1960. Sasa, mtoto azaliwaye baada ya mapacha, akiwa wa kiume au wa kike, ndiye Shija. Jina hili latumika kwa Wasukuma, na kwa ndugu zao Wanyamwezi pia.

Tazameni basi jinsi jina hili lilivyokuwa adimu kwa asili yake. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, kwa kila uzazi 100, uzazi wa mapacha ni kama 2 tu. Tena si kila mama aliyezaa mapacha hupata mtoto mwingine baada yao. Kwa hiyo Shija hawezi kuzaliwa kila siku. Zamani mtu akisikia jina hilo alijua mara moja kwamba mbele ya huyu walitangulia wawili. Mtu hakupewa jina la Shija kwa sababu lapendeza masikioni. Alipewa kwa sababu ni kweli.

Na mtu akitaka kumtambulisha mwenzake zaidi, alitaja jina la baba kwa neno ng'wana, yaani mtoto wa. Akasema, "Shija ng'wana Mabula." Mwana wa Shija naye hakuitwa Mabula tena, aliitwa kwa jina lake mwenyewe, ng'wana Shija. Hivyo jina la pili lilibadilika katika kila kizazi. Undugu haukutunzwa na jina. Ulitunzwa na wazee, waliojua ukoo wa kila mji.

Ni nini basi kililolifunga jina lisibadilike tena? Ni karatasi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1898, na Waingereza waliokuja baadaye waliendelea kutoza kodi. Mtoza kodi hakuweza kuandika hadithi ya kuzaliwa kwa kila mtu. Alitaka jina la mtu na jina la baba yake, basi. Katika nchi yetu hii ya kando ya ziwa, wamisionari wa CMS walifungua kituo Nassa mwaka 1888, na kazi yao ikapokewa na misioni ya AIM mwaka 1909. Vituo vya namna hiyo vilileta madaftari ya ubatizo na ya shule. Mtoto alipata jina la ubatizo, na jina la baba yake likawekwa nyuma yake. Mwishowe zikaja hati za kusafiria, vyeti vya mitihani, na vitambulisho vya taifa, ambavyo mamlaka yake iliundwa mwaka 2008. Hati hizi hutaka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Na jina la mwisho, likiisha kuandikwa, ni vigumu kuliondoa.

Tutoe mfano, kwa kuwa mfano hufundisha kuliko maneno mengi. Tuseme mzee mmoja aitwaye Mabula alikuwa na wana watatu: Kulwa, Doto na Shija. Wana hao wakaoa, kila mmoja akapeleka watoto wake shuleni. Mwalimu akaandika Yosefu Kulwa, Maria Doto, na Petro Shija. Watoto hawa watatu ni wajukuu wa mzee mmoja, wamelelewa katika mji mmoja, lakini daftari lasema majina matatu. Yosefu na Petro wakikua na kuwapa watoto wao majina yale yale ya mwisho, basi zimekwisha kuzaliwa familia mbili, akina Kulwa na akina Shija. Na Mabula, aliye shina la wote, hayupo katika karatasi hata moja.

Angalieni pia hesabu yake. Petro Shija akiwa na watoto 6, wote 6 wataandikwa Shija, ingawa mama yao hakuzaa mapacha hata mara moja. Ikiwa 3 kati yao ni wa kiume, na kila mmoja akapata watoto 6, wajukuu 18 wataitwa Shija. Hivyo jina lililokuwa adimu likaongezeka, na maana yake ikapungua. Zamani Shija alikuwa mtu afuataye mapacha. Sasa Shija aweza kuwa mtu ambaye babu yake tu ndiye aliyewafuata mapacha.

Jina likiisha kuwa la familia, husafiri pamoja na miguu ya watu. Wasukuma walivuka kwenda Geita kutafuta ardhi, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, nchi ya kwao ilipobanwa na wingi wa watu na ng'ombe. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wengi waliswaga mifugo yao kwenda Rukwa na bonde la Usangu. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu ili kuokoa maji ya mto Ruaha, na wengine wakaelekea Lindi na Pwani. Kwa njia hiyo majina ya Kisukuma yanaitwa leo katika madarasa ya kusini, mahali ambapo mwalimu huenda hajui maana ya neno mbula. Wengine walisafiri kwa elimu. Dakta William Shija, aliyekuwa mbunge wa Sengerema na waziri, alikwenda London kuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola mwaka 2007, akaishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2014. Jina litokalo katika nyumba ya uzazi ya Usukuma likaandikwa katika ofisi ya mataifa mengi.

Je, majina yote adimu huenda hivyo? La, sivyo. Tulinganishe na jina jingine la nchi hii hii, nalo ni Sykes wa Dar es Salaam. Sykes Mbuwane alikuwa askari kutoka Msumbiji, aliyeletwa na jeshi la Hermann von Wissmann wakati wa vita vya pwani mwaka 1889. Mwanawe, Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1949, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha African Association mwaka 1929. Na wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walikuwa katika kundi la walioanzisha TANU mwaka 1954. Hapa jina la mtu mmoja lilishuka kwa mwana na kwa wajukuu, na anayetaka kufuata mto huo atafika kwenye chanzo kimoja.

Huko Uingereza nako kuna watu waitwao Sykes, hasa katika jimbo la Yorkshire, na kwao neno hilo lilitokana na kijito kidogo. Profesa Bryan Sykes wa Oxford aliwapima baadhi ya wanaume wa jina lake kwa alama za damu zishukazo kwa baba na mwana, na mwaka 2000 akatangaza kwamba karibu nusu yao walikuwa na alama moja. Akafikiri kwamba huenda wote walianza kwa babu mmoja. Nusu tu, wala si wote! Hata mahali ambapo jina la ukoo limetumika kwa karne nyingi, si kila mwenye jina ni mwenye damu.

Basi Sykes wa Dar es Salaam ni kama mto wenye chemchemi moja. Jina la namna hiyo laweza kukauka: kizazi kimoja kikipata mabinti watupu, nao wakiwapa watoto wao majina ya waume zao, jina limekwisha. Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, walilipigia jambo hilo hesabu mwaka 1874, wakaonyesha jinsi majina ya familia yawezavyo kutoweka kwa bahati tu. Lakini Shija ana chemchemi katika kila kijiji cha Usukuma na Unyamwezi. Kila mama azaapo mapacha, kisha akapata mtoto mwingine, chemchemi mpya hububujika. Kwa sababu hiyo jina la Shija si rahisi kukauka. Na kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kuthibitisha undugu.

Sasa twaweza kuwajibu wale watoto wawili wa Nyashimo. Kuitwa Shija wote wawili hakuwafanyi ndugu. Na huenda yule mtoto aliyekaa dawati la mbele, aitwaye Doto, ndiye ndugu wa mmoja wao, wala hawajui.

Twasema haya kwa sababu tumeona madhara yake. Twamjua kijana mmoja ambaye cheti chake cha shule kilimwita kwa jina la baba, na kitambulisho chake kikamwita kwa jina la babu. Baba alipofariki, akaulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akajibu kwa kinywa chake, lakini karatasi zake zilijibu maneno mawili. Miezi mingi ikapita, mama na wadogo zake wakingojea haki yao. Tena tumesikia wazee wakihuzunika kwa sababu vijana wawili waliopatana kuoana, wenye majina mbalimbali, waligunduliwa siku ya kuzungumza mahari kuwa wajukuu wa mzee mmoja. Afadhali waligunduliwa siku ile kuliko baadaye.

Hata jina la mahali hubadilika juu ya karatasi. Aliyezaliwa Nyashimo kabla ya mwaka 2012 ameandikwa kuwa mtu wa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ndugu yake aliyezaliwa baada ya hapo ni wa Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Nyumba ni ile ile, mama ni yule yule.

Hatusemi kwamba karatasi ni mbaya. Sisi walimu twaishi kwa karatasi. Twasema kwamba karatasi hujua kile tu ilichoambiwa. Basi twawapa kazi, ninyi wanafunzi, na ninyi wazazi pia. Jioni ya leo chukua daftari, uketi karibu na babu au bibi. Andika jina lako, la baba, la babu, na la baba wa babu. Andika na upande wa mama vivyo hivyo. Andika ukoo wenu, na kijiji mlikotoka kabla ya kuja hapa mlipo. Uliza pia kila jina lilitolewa kwa sababu gani. Kisha linganisha majina yaliyo katika vyeti vyako. Ukiona hayapatani, yatengeneze kwa hati ya kiapo wakati wazee wangali hai kushuhudia.

Na wewe uitwaye Shija, uliza jambo moja zaidi: katika nyumba yenu, ni nani aliyewafuata mapacha? Ukimjua huyo, umelijua jina lako.