Ploti Isiyo Ploti
Neno 'plot' la Kiingereza humaanisha kipande cha ardhi, njama, au msuko wa hadithi. Wakazi wa Thika na Ruiru wameliongezea maana nyingine: 'ploti' kwao pia ni nyumba za kupangisha zilizouzunguka ua mmoja. Ndiposa mtu huweza kuishi katika ploti ilhali hamiliki ploti, kauli ambayo Mwingereza asingeielewa upesi. Sioni kosa hapo. Lugha hukua hivyo. Kosa liko kwa madalali. Ploti ya futi 50 kwa 100 huiita thumuni ya ekari, kumbe ni futi mraba 5,000 tu. Thumuni kamili ni 5,445. Walimu, wafundisheni wanafunzi hesabu hiyo pamoja na msamiati, kabla wazazi wao hawajatia mkataba sahihi.