Breki ya Mbele: Irekebishwe, Isiogopwe



Katika kutembelea steji tumekuta jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria kutwa nzima hazina breki ya mbele ya kuaminika. Ukivuta mkono wa breki unakuta mgumu kama umefungwa, au unazama mpaka kugusa usukani na gurudumu halishiki. Mwendeshaji huzoea hali hiyo, akaiacha breki ya mbele kabisa na kutegemea ya mguu peke yake. Wengine hata hujisifu kwamba hawaigusi, eti inapindua.

Leo tunaeleza kwa nini mawazo hayo ni ya hatari, na jinsi breki hiyo inavyoweza kurudi katika hali nzuri kwa spana chache, kipande cha msasa na grisi kidogo. Mwisho tutasema ni nani anayepaswa kulipa.

KAZI YA BREKI YA MBELE

Pikipiki inapofungwa breki, uzito huelemea mbele. Utaona mwenyewe shokapu za mbele zinavyozama. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani likashika vizuri, na la nyuma huwa jepesi, likateleza upesi. Kwa sababu hiyo, kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Wafundishao udereva hukadiria kuwa inabeba kiasi cha asilimia 70 ya kazi yote. Ukiwa na abiria nyuma, breki ya nyuma hupata nguvu zaidi kidogo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya mbele.

Tupige hesabu. Ukienda kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 14 kabla hujagusa breki. Mita zinazobaki ni chache, nazo ndizo zinazoamua. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki iliposhika huzidi mara nne.

Je, breki ya mbele inapindua? Humwangusha yule anayeifinya kwa ghafla, au anayeifinya pikipiki ikiwa imelala kwenye kona au kwenye mchanga. Lakini mara nyingi breki mbovu ndiyo inayomfundisha mtu kufinya kwa ghafla. Waya ukiwa mkavu, mkono huvuta na hakuna kinachotokea. Anaongeza nguvu, waya unaachia mara moja, na gurudumu linafunga. Breki nzuri huongezeka kadiri unavyofinya, nawe unaisikia vidoleni. Kwa hiyo dawa ya woga huo ni kuitengeneza.

TUANZE NA WAYA

Bajaj Boxer na TVS nyingi tunazoziona kwenye steji zina breki ya ngoma mbele, inayovutwa kwa waya. Hapo ndipo matatizo mengi yalipo.

Fungua waya juu na chini, uuchomoe. Ukikuta hata uzi mmoja umekatika karibu na kichwa, usiupake mafuta, nunua mwingine. Kama ni mzima, uninginize wima, utie oili nyepesi kidogo kidogo kwa juu, ukiuchezesha mpaka oili safi itoke chini. Uchafu mweusi utakaotoka ndio uliokuwa ukikuchosha mkono.

Unapourudisha, angalia njia yake. Usipinde kwa kona kali, wala usibanwe na taa, mwavuli au vyuma vya kukinga miguu. Zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Kama breki inajivuta yenyewe, waya umepita vibaya. Paka grisi kidogo kwenye bolti ya mkono wa breki, kwani nayo hukauka.

NDANI YA NGOMA

Toa gurudumu, ufungue kifuniko cha ngoma. Vumbi utakaloliona usilipulize, si kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa spea za sokoni si rahisi kujua kwa macho zimetengenezwa kwa nini. Vumbi la asbesto huharibu mapafu, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kisha kitupe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Sasa tazama breki shuu. Zikiwa zinang'aa kama kioo zimeungua juu. Zisugue kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe. Zikiwa zimelowa grisi au oili, zitupe. Kuziosha kwa petroli hakusaidii, maana mafuta yameshaingia ndani na yatatoka tena breki ikipata moto. Kama sehemu inayosugua imebaki milimita 2 au pungufu, badilisha zote mbili pamoja. Ngoma yenyewe nayo huliwa. Kipimo chake cha mwisho mara nyingi kimeandikwa ndani yake kwa milimita.

Kuna kichuma kinachozungushwa na waya ili kuzipanua breki shuu. Mafundi hukiita kamu. Kikishika kutu, breki huwa nzito hata kama waya ni mpya. Kitoe, kisafishe, ukipake grisi nyembamba sana. Grisi ikizidi, itayeyuka na kuingia kwenye breki shuu ulizotoka kuzisafisha.

Ukitaka kujua kama breki shuu zinagusa vizuri, zipake chaki, rudisha gurudumu, lizungushe na uvute breki kidogo. Kisha fungua utazame. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Kama ni sehemu ndogo tu, sugua pale palipoinuka, urudie mpaka alama ienee.

KUFUNGA KWA UTARATIBU

Jambo linalofuata mafundi wenye haraka huliruka, nalo halina gharama hata senti moja. Unaporudisha gurudumu, hakikisha kifuniko cha ngoma kimekaa kwenye kizuizi chake pale kwenye shokapu. Usikaze kwanza nati ya ekseli mpaka mwisho. Zungusha gurudumu, vuta mkono wa breki kwa nguvu na uushikilie hivyo hivyo, halafu mwenzako akaze nati. Hapo breki shuu hujiweka katikati ya ngoma zenyewe, na zote mbili hugusa sawasawa. Tofauti utaisikia siku hiyo hiyo.

Rekebisha waya ili ncha ya mkono wa breki icheze milimita 10 hadi 20 kabla breki haijaanza kushika, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Tazama pia kikono cha chini kinachovutwa na waya. Breki ikishika kabisa, kikono na waya vifanye pembe kama ya kona ya kitabu. Kikiwa kimevuka hapo, nguvu nyingi ya mkono inapotea bure. Mara nyingi maana yake ni kwamba breki shuu zimekwisha, si kwamba nati ikazwe zaidi.

WENYE BREKI YA DISKI

Hapa hakuna waya, nguvu hupitia kwenye mafuta ya breki. Mkono ukiwa laini kama unafinya sponji, ndani kuna hewa, nayo lazima itolewe. Chomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye kinati cha kalipa, na ncha yake uitumbukize kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Vuta mkono mara kadhaa, ushikilie, legeza kinati, kaza tena, ndipo uachie. Rudia mpaka mafuta yatoke bila povu, ukiongeza mengine juu ili kikombe kisikauke.

Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyokuwa imefungwa. Oili ya injini isitiwe kamwe, huharibu mipira ya ndani. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Yakimwagikia rangi, osha kwa maji mara moja.

Kwa breki yoyote, jaribu kwanza mahali pasipo watu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bila abiria. Breki shuu mpya huhitaji siku chache za kufinywa kwa upole ndipo zishike sawasawa. Na barabarani, tumia breki zote mbili pamoja, pikipiki ikiwa wima, ukifinya kwa kuongeza taratibu.

NANI ALIPE?

Wenzetu wengi hawamiliki pikipiki. Wanapeleka hesabu ya siku kwa tajiri, na breki ikiisha wanaambiwa, "Hiyo ni juu yako." Mwenye watoto wa kulisha hupima baina ya breki shuu na unga, na unga hushinda. Hatuwezi kumlaumu. Kosa liko kwenye mapatano.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema kuwa hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuheshimu kanuni zake hata kama haijauridhia. Matajiri wengine watasema mwendeshaji si mwajiriwa wao. Tunawajibu hivi: pikipiki ni mali yenu, faida yake mnaichukua kila jioni, basi na breki yake ni yenu.

Tunashauri kila steji ifanye mambo matatu. Kwanza, mapatano na tajiri yaandikwe, na ndani yake itajwe kuwa breki shuu, waya na mafuta ya breki ni juu ya mwenye pikipiki. Pili, steji iwe na siku moja katika mwezi ya kukagua breki za wote, kila mmoja akimkazia mwenzake nati. Tatu, pikipiki isiyo na breki ya mbele isipakie abiria, na mwenzetu asidaiwe hesabu ya siku hiyo.

Mmoja akikataa peke yake, tajiri atampa mwingine pikipiki. Steji nzima ikikataa, atanunua breki shuu.