Jogoo nilimchora mimi, lakini si wangu: Siku niliyokutana na wakili wa hakimiliki

Nilikuwa stejini Roysambu nikisubiri mathree ya kwenda tao nilipomwona jogoo wangu. Alikuwa nyuma ya matatu, mkubwa kama mlango, amevaa miwani na kofia ile ile niliyomvalisha.

Jogoo huyo nilimchora usiku mmoja kwa simu. Mteja alikuwa anafungua kibanda cha kuku na chipsi, akanitumia Sh4,000 kwa M-Pesa. Makubaliano yetu yote yalikuwa kwa WhatsApp: "Nichoree jogoo mkali." "Sawa boss." Basi. Miezi michache baadaye vibanda vilikuwa vinne, na jogoo yuko kwenye tisheti, mifuko ya chipsi na sasa kwenye matatu. Mimi nilikuwa bado na deni la kodi ya nyumba.

Nilipandwa na hasira. Kichwani nilijua kitu kimoja tu kuhusu hakimiliki, kwamba aliyechora ndiye mwenye mali. Nikaomba namba ya wakili kutoka kwa msee tuliyesoma naye kabla sijaacha chuo. Nilienda nikiwaza mamilioni.

Wakili hakutaka jina lake liandikwe, kwa hivyo nitamwita hivyo hivyo, Wakili. Alitazama jogoo kwenye simu yangu, akasoma meseji zote, kisha akauliza swali moja: "Kuhusu haki, mlikubaliana nini?"

"Hakuna kitu, Wakili. Aliniagiza tu, nikachora."

"Basi, kaka yangu, hapo ndipo shida ilipo."

Akanieleza jambo ambalo nadhani kila mtu anayepiga picha, kuchora, kuandika au kuedit video mtaani anafaa kulijua. Ni kweli kwamba hakimiliki huanza yenyewe, pindi tu kazi inapowekwa mahali inaweza kuonekana au kusikika. Huhitaji kulipa mtu wala kusajili ndipo uipate, na kwa mchoro au maandishi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ina kipengele kingine. Mtu akikuagiza ufanye kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Ukiwa umeajiriwa na kazi ikawa sehemu ya ajira yako, mambo ni hayo hayo.

Kwa hivyo ule ukimya wetu wa WhatsApp haukuwa wa bure. Ulimpa mteja jogoo mzima, kuanzia kishungi hadi kucha.

Nilikaa kimya. Nadhani aliona uso wangu, maana alianza kunieleza kazi yake yenyewe, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeielewa vibaya. Nilidhani wakili wa aina hii ni mtu wa kusimama kortini na kupiga kelele. Kumbe siku zake nyingi huisha kwenye makaratasi, akizuia kesi zisizaliwe. Msanii anampelekea mkataba wa kampuni ya muziki, anausoma mstari kwa mstari kutafuta neno moja litakalomfunga mteja wake miaka kumi. Dada anayeuza sabuni anataka kulinda jina lake. Fundi amebuni mashine ya kukoboa njugu na anauliza kama inaweza kupata hataza, ambayo hudumu miaka 20.

Jina la biashara ndilo linalowachoma vijana wengi, kwa sababu lina sheria zake tofauti na za hakimiliki. Lisajili kwa KIPI, la sivyo utapata shida kulitetea. Wakili kwanza anapekua kama kuna mtu tayari ana jina hilo au linalofanana nalo. Halafu anachagua kundi la bidhaa au huduma, na makundi yako 45. Ombi likikubaliwa, linachapishwa kwenye jarida la KIPI, na watu wana siku 60 za kupinga. Likipita, ni lako kwa miaka 10, halafu unalipia tena.

Hizo siku za kupinga si mchezo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" huko kwao. Fikiria kikoi, vazi ambalo watu wa Pwani wamevaa tangu enzi za mababu, kiwe nembo ya mtu mmoja! Ombi likapingwa na halikufaulu. Mjadala ulikuwa mkubwa huku nyumbani, lakini kilichofanya kazi ni karatasi ya pingamizi iliyowasilishwa kwa wakati.

Kazi nyingine ya Wakili ni kutuliza presha. Unakumbuka mwishoni mwa 2018, vile mtandao uliwaka kwamba Disney wameiba "Hakuna Matata"? Watu zaidi ya laki moja walitia sahihi wakilalamika. Ukweli ni kwamba Disney waliomba nembo hiyo Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, wakaipata 2003, na ilihusu nguo. Hakuna aliyekatazwa kusema maneno hayo kwa dereva wa matatu. Unaweza bado kuudhika kwamba lugha yetu inauzwa kwa tisheti, na mimi naudhika, lakini ni vizuri kujua unachopigania.

Halafu kuna muziki. Mei 2022, Sauti Sol walilalamika kwamba muungano wa Azimio ulitumia wimbo wao "Extravaganza" bila idhini, siku Raila Odinga alipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza. Wengi wetu tuliichukulia kama siasa. Kwa Wakili, swali lilikuwa la leseni. Kucheza wimbo mbele ya watu ni ruhusa moja, na kuuweka juu ya video ni ruhusa nyingine kabisa. Ukiwa na ya kwanza, haimaanishi una ya pili.

Kama kazi hii imekuvutia, jipange. Unahitaji digrii ya sheria, na kuingia kwa kawaida wanadai angalau C+ kwa KCSE na B ya Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, kile ulikuwa unakilalia darasani. Halafu ni Kenya School of Law pale Karen, mitihani, miezi sita ya kujifunza chini ya wakili mzoefu, ndipo uapishwe. Na si lazima uache kipaji chako. June Gachui ni wakili wa masuala haya na pia ni mwimbaji.

Turudi kwa jogoo. Kabla sijaondoka, Wakili aliniambia kuna kitu kimoja ambacho mteja hakuweza kununua hata angetaka. Sheria inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mwenye kuibuni kazi, na kupinga ikiharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki hiyo haihamishwi ukiwa hai.

Aliniandikia barua ya ukurasa mmoja. Haikudai pesa, iliomba jina langu tu. Mteja alinyamaza wiki tatu, kisha akanipigia, mpole kuliko nilivyotarajia. Alisema hakujua. Nikamwamini, kwa sababu hata mimi sikujua. Siku hizi kwenye ukurasa wao, chini ya jogoo, kuna jina langu kwa herufi ndogo. Doo sikuongezwa. Lakini watu wawili wameniona hapo wakaniagiza kazi.

Na kabla sijagusa kalamu, niliwatumia mstari ambao Wakili alinisaidia kuuandika, nikasubiri wajibu "nimekubali". Unaweza kuuchukua: "Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwa msanii. Mteja anaruhusiwa kuitumia kwa nembo ya duka lake pekee. Matumizi mengine tutakubaliana na kulipana."

Mmoja alijibu dakika hiyo hiyo. Mwingine aliuliza kwa nini nimekuwa mgumu hivyo. Nikamtumia picha ya jogoo.