Kuhamisha Faili Katika Joto la Lokori

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kwa mwalimu au muuguzi wa Lokori, huku Turkana nchini Kenya, ambaye laptopu yake haina uwezo wa kubeba Windows 11, maana yake ni kwamba siku ya kutafuta mashine nyingine imewadia, iwe ni mpya au iliyokwisha kutumika. Pesa zikishapatikana, kazi iliyobaki huonekana ndogo: unachomeka flashi, unakata faili huku, unabandika kule. Mimi naona hapo ndipo kazi ya miaka hupotelea, na sayansi inaeleza sababu.

Kompyuta haihamishi kitu kutoka diski moja hadi nyingine. Hunakili kwanza, kisha hufuta. Ukichagua kukata, faili ya asili hufutwa mara tu programu inapoamini kuwa nakala imekamilika, na imani hiyo huweza kuwa ya mapema. Ili kuharakisha kazi, data huwekwa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikisubiri zamu yake ya kuandikwa. Stima ikipotea wakati huo, au mtu akichomoa flashi bila kuiaga kompyuta, faili haiko huku wala kule. Turkana tunaijua habari ya stima. Kwa miaka mingi mji wa Lodwar ulitegemea jenereta za dizeli na sola, ilhali umeme wa bwawa la Turkwel, la eneo hili hili, ulipelekwa kwenye gridi ya taifa. Tena joto huchakaza betri za lithiamu, kwa hiyo laptopu kuukuu mara nyingi huzimika papo hapo waya unapotoka. Nakili, usikate.

Wapo watakaosema faili zipandishwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha zishushwe upande wa pili. Tupige hesabu. Chukua gigabaiti 200 za picha, video na maandalio ya masomo, na mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo una megabiti 1,600,000 za kusukuma. Hizo ni sekunde 800,000, zaidi ya siku 9 bila kupumzika, na bado hujazishusha wala hujalipia bando. Mzigo huo huo ukipita kwenye diski ya nje kwa megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua kama dakika 33. Waya wa mtandao kati ya laptopu mbili huweza kukupa kasi isiyopishana sana na hiyo. Faili ndogo ndogo elfu nyingi zitachelewa zaidi, kwa sababu kila moja ina shughuli zake za kufunguliwa na kuandikishwa. Angalia pia flashi yako imepangwaje: mfumo wa FAT32 haupokei faili inayofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Mfumo wa exFAT hauna kikwazo hicho.

Kisha kuna joto. Ndani ya diski ngumu ya zamani mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski nyingi za laptopu zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 60 hivi, na mchana wa nyuzi 35 au zaidi huku kwetu, ndani ya chumba cha mabati, humwachia mtu nafasi finyu, hasa vumbi likiwa limeziba feni. Kunakili gigabaiti mia kadhaa ni kazi nzito kwa diski iliyochoka. Ifanye alfajiri. Anza na vile visivyopatikana tena popote: picha za familia, rekodi za wanafunzi, kazi uliyoiandika mwenyewe. Filamu zingoje.

Nakala ikimalizika, utajuaje kuwa ni sahihi? Karibu na Lokori kuna makaburi ya kale ya Namoratunga, na baadhi ya mawe yake yamechongwa alama. Mwaka wa 1977 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika kwamba alama hizo zinafanana na zile ambazo wafugaji wa eneo hili huwatia mifugo wao. Umri wa michongo hiyo bado unabishaniwa, lakini kazi ya alama kila mfugaji anaielewa. Mbuzi wanaporudi jioni wakiwa mia kamili, huenda watano kati yao ni wa jirani. Idadi ya faili na ukubwa wa folda ni hesabu tu ya kichwa kwa kichwa. Faili nayo ina alama yake: hesabu iitwayo SHA-256 huipitia faili nzima na kutoa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika biti moja tu, karibu mfuatano wote hubadilika. Amri ya certutil, iliyomo ndani ya Windows yenyewe, hutoa alama hiyo bila intaneti. Alama za pande mbili zikilingana, faili ni ile ile.

Baada ya hapo watu wengi huifungia laptopu ya zamani kabatini, wakiihesabu kuwa akiba. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Ikiwa diski yake ni ya SSD, yaani isiyo na sahani zinazozunguka, data zimo kama elektroni zilizonaswa ndani ya vyumba vidogo mno vilivyozungushiwa kihami, na elektroni huvuja. Kiwango cha shirika la JEDEC kinataka SSD ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake ihifadhi data mwaka 1 bila umeme, ikiwekwa kwenye nyuzi 30. Diski ambayo haijatumika sana hudumu zaidi ya hapo. Lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo muda huo unavyofupika, na kabati la Lokori halikai nyuzi 30. Flashi nazo hutumia teknolojia ya aina hiyo hiyo.

Ukitaka kuiuza laptopu hiyo au kumpa mtu, kumbuka kwamba ufutaji wa kawaida kwenye diski ngumu huondoa tu anwani ya faili, na data hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Windows ina chaguo la kusafisha diski nzima wakati wa kuirejesha upya, litumie. Rekodi za wanafunzi na za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na anayezishika ndiye anayewajibika.

Kwa hiyo, mwalimu, na wewe muuguzi, msifute chochote siku ile ile ya kunakili. Fungueni faili kwenye mashine mpya, linganisheni alama zake, wekeni nakala nyingine kwenye diski ya nje kwa ndugu mnayemwamini Lodwar, na kila baada ya miezi michache ichomekeni muisome tena. Laptopu ya zamani isafishwe baada ya hayo yote.