Wikendi Garissa na rafiki wa chuo

MTU wa Nairobi akitaka kujivinjari mwishoni mwa juma, mawazo yake hukimbilia Naivasha, Nanyuki au, mfuko ukiruhusu, Mombasa. Ni nadra kusikia familia ikipanga kwenda Garissa. Jina hilo likitajwa, wengi hukumbuka habari za ukame, mafuriko na mashambulizi, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini msomaji, kutoka Nairobi hadi Garissa ni yapata kilomita 370 tu, barabara ya lami, na ukiondoka alfajiri utakula chakula cha mchana karibu na Mto Tana.

Nilifunga safari hiyo Julai 2025 nikiwa na rafiki yangu mkubwa tangu siku za chuo, ambaye kwao ni Garissa. Tulisomea uanahabari pamoja jijini, tukaishi chumba kimoja miaka miwili, tukagawana chapati, sabuni na hata viatu vya kuendea mahojiano ya kazi. Mimi niliingia magazetini. Yeye aliamua kwamba vitambaa vya Eastleigh vina faida kuliko habari. Ndiye mwenye gari na ndiye aliyeshika usukani. Kazi yangu ilikuwa kumenya machungwa na kuchagua nyimbo, na hiyo ya pili alininyang'anya kabla hatujafika Thika.

Ukishapita Thika, mlima wa Ol Donyo Sabuk unakusindikiza upande wa kulia, kisha unaingia Matuu, mji wa nyanya, vitunguu na matikiti. Ukiona mashamba yamestawi katika nchi iliyo kavu hivyo, jua ni kazi ya mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa enzi za Mau Mau. Mbele kidogo ni Kanyonyoo, ambapo barabara ya Kitui hukata kulia. Sisi tulinyoosha hadi Mwingi, tukanunua asali na kunywa chai. Usipite Mwingi bila kujaza mafuta na maji. Baada ya hapo nchi inabadilika: vilima vinapungua, mibuyu inasimama peke yake kama wazee waliokosana, na joto linaingia garini bila kubisha. Karibu na Ukasi niliona ngamia wa kwanza. Nilipiga kelele kama mtoto. Rafiki yangu aliniuliza kama Nairobi yeye hupigia kelele mbuzi.

Kitambulisho

Kuna jambo ambalo vitabu vya watalii havilitaji. Barabara hii ina vizuizi vya askari, na kila abiria sharti awe na kitambulisho. Katika kizuizi kimoja askari alitazama changu, akanirudishia na kunitakia safari njema. Cha rafiki yangu alikigeuza mara tatu, akamwuliza alizaliwa wapi, baba yake nani, anakwenda kwa nani, kisha akaondoka nacho. Tulikaa juani karibu nusu saa. Mimi nilikuwa nimeanza kupandisha hasira. Yeye alichukua chungwa, akalimenya taratibu, akanipa nusu.

"Tulia, dada," aliniambia. "Ukimfokea, tutalala hapa. Mimi nimeyazoea tangu nina miaka kumi na minane."

Miaka yote ya chuo tulikuwa tukisafiri pande za Nakuru na Kisumu, na sikuwahi kuona hayo. Alikuwa akinieleza, nami nikidhani anatia chumvi kidogo kama kawaida yake. Kitambulisho kiliporudi hakukuwa na maelezo wala samahani. Aliwasha gari, na kwa kilomita kadhaa hakuna aliyegusa redio.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Serikali ya kikoloni ililifanya eneo la mpaka wa kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa mwaka 1926, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Ndiyo maana hadi leo utasikia mzee wa huku akisema kwamba anasafiri kwenda "Kenya", maana yake Nairobi. Hata kupata kitambulisho, vijana wa kaunti za mpakani walilazimika kupigwa msasa wa ziada mbele ya kamati, jambo ambalo Rais William Ruto alitangaza kulikomesha akiwa Wajir, Februari 2025. Rafiki yangu alisema atapiga makofi siku mpwa wake atakapopata chake kwa muda ule ule niliopata changu.

Ng'ambo ya Tana

Ukivuka Madogo unafika darajani, na hapo uchovu wote hukutoka. Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapita polepole, rangi ya chai ya maziwa, na kandokando yake ni kijani kitupu cha migomba na miembe. Mto huo huo huweza kugeuka adui. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, maji yalikata barabara kati ya Madogo na mji, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Kwa hiyo epuka misimu ya mvua. Julai ni mwezi mzuri, kwani hata jua hupunguza ukali, ingawa mimi mtu wa Kayole sikuona lilipopunguza.

Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni. Alinishika mikono miwili na kuniita "hooyo". Najua neno hilo la Kisomali ni "mama", nikadhani amenichanganya na mtu. Rafiki yangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akanieleza kuwa mama wa Kisomali humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Basi nikawa hooyo kwa siku mbili.

Na chakula, jamani! Sinia moja kubwa ya wali wenye iliki na zabibu, nyama ya mbuzi juu yake, na ndizi mbivu kando. Ndizi hiyo si ya baadaye; unaimega na kuila pamoja na wali. Tambi pia huliwa kwa ndizi, na asili yake ni Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia. Kisha ikaja chai ya maziwa ya ngamia, yenye ladha ya moshi kidogo, kwa sababu vyombo vya maziwa hufukizwa kwa kuni maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Mgeni asinywe vikombe vitano siku ya kwanza. Tumbo lisilozoea lina maoni yake.

Jioni tulikwenda kuwaona twiga katika hifadhi ya jamii iliyo mwendo mfupi kutoka mjini. Ni wale twiga wa kaskazini, wenye mabaka yaliyopangwa kama wavu. Hakuna foleni ya magari ya watalii. Twiga wanakula migunga, na mbali kidogo mtoto anarudisha mbuzi nyumbani. Ukienda mbali zaidi kusini, upande wa Ijara, kuna hifadhi ya Ishaqbini, makao ya hirola, swala aliye katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Huko ndiko walikoonekana wale twiga weupe waliotangazwa kote ulimwenguni mwaka 2017. Machi 2020 ikaripotiwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, ambaye Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha kumfuatilia alipo.

Soko kubwa la mifugo tulilikosa, maana siku yake ni Jumatano. Ukiweza kupata ruhusa kazini, nenda siku hiyo: madalali hupatana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, asijue mwingine mnazungumzia shilingi ngapi.

Jumapili asubuhi tulipita nje ya Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 hapo, 142 kati yao wanafunzi. Masomo yalirejea Januari 2016. Wanafunzi walikuwepo siku hiyo, wamebeba vitabu, wakitaniana kuhusu mtihani. Rafiki yangu alipunguza mwendo. Alisema wiki ile ya 2015 simu yake ya kwanza ilitoka kwangu, na ya pili ilitoka kwa mteja mmoja wa Nairobi aliyetaka arudishiwe pesa zake kwa kuwa hataki tena kufanya biashara na "watu wenu". Muongo mzima alikuwa hajanisimulia hilo. Nilimwuliza kwa nini. "Ungemtafuta," akajibu, na alisema kweli.

Kwa atakayevutiwa: vaa mavazi ya heshima na mepesi, akina dada mbebe mtandio, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Hoteli za kulala zipo za kila kima. Ukinuia kusonga mbele ya mji, upande wa Wajir au Lamu, ulizia hali ya usalama kwanza. Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi zilizoanzishwa 1991, hakuingiwi bila kibali.

Tulirudi na mkungu wa ndizi, matikiti manne na mkebe wa nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa juani, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli hata miezi. Mkebe huo alinipa mama wa Garissa nimpelekee mama yangu, ambaye juma zima alikuwa amenipigia simu akinisihi nisiende. Alionja kipande kimoja akiwa amesimama, akavuta kiti. Siku ya tatu alitaka kujua kama basi la Garissa hubeba vifurushi, na mkebe mtupu hurudishwaje.